Nyumba ya Milango Miwili

Sijaona aliukanyaga udongo kwa visigino, akaugeuza, akaukanyaga tena. Ulikuwa umeanza kukaza. Alichota maji mtungini kwa kata, akayanyunyiza kwa uchoyo, kisha akapanda tena juu ya lundo, mikono kiunoni, akizunguka mahali pamoja kama mtu aliyedondosha kitu.

"Ongeza kidogo," alisema mama yake, Mwanaheri, aliyekuwa ameketi chini akichambua vijiwe na mizizi kwenye udongo mkavu. "Ukiubandika hivyo utapasuka. Mijusi watahamia kabla ya bwana harusi."

"Nikiongeza, usiku tutakunywa nini?"

"Tutakunywa uvivu wako."

Sijaona alicheka bila kutaka, akaongeza nusu kata.

Kule Makote maji hayakuwa kitu cha kuongeza hivi hivi. Uwanda wote wa juu haukuwa na kijito wala kisima. Wanawake waliteremka bondeni kwa njia ya mawe kungali giza, wakarudi jua likiwachoma utosini, mtungi juu ya ngata, shingo zimekakamaa. Kila tonge la udongo lililobandikwa kwenye fito zile lilikuwa limepanda mlima juu ya kichwa au bega la mtu. Ndiyo sababu watu wa kule walikandika nyumba zao wakati wa mvua, madimbwi yalipokuwa karibu. Lakini harusi ya Mwanaheri ilikuwa mwezi utakapoandama, na mvua ilikuwa mbali.

Mwanaheri alikuwa bibi mwenye wajukuu, mjane tangu njaa iliyofuata vita ya Maji Maji. Mchumba wake, Sadallah, alikuwa mjane pia, mkulima wa mpunga aliyeishi chini ya mteremko, kando ya njia ya kuteka maji. Walizoeana hapo hapo njiani. Sadallah alimtwika Mwanaheri mtungi siku moja magoti yalipomgomea, akamtwika siku nyingine, na siku ya tatu Mwanaheri alikaa kivulini bila kuteka hata tone hadi wanawake wenzake wote wakampita. Mwanakombo, jirani yao mwenye mdomo, ndiye aliyeileta habari kijijini. "Mama Fikirini siku hizi magoti yanamuuma akifika penye mpunga tu," alisema, akimwita Mwanaheri kwa jina la mwanawe, na watu walicheka mpaka magoti yao wenyewe yakalegea.

Sijaona hakucheka siku ile. Aliona haya. Mtu akiwa na watoto watatu hategemei kumkandikia mama yake chumba cha harusi. Lakini kadiri alivyobandika udongo, haya ilipungua, kwa maana alikijua vizuri chumba kile kilikuwa cha nini.

Mwanaheri alikuwa na nyumba yake zamani, ng'ambo ya uwanja. Serikali ya Wadachi ilipodai kodi kwa kila nyumba, nyumba ile ikakosa mlipaji, na mwanawe wa kwanza, Fikirini, akachukuliwa kwenda kuilipa kwa mikono katika shamba la Mzungu huko Lindi. Hakuwa amerudi. Baada ya hapo mjomba Rajabu, kaka yake Mwanaheri, aliamuru nyumba ibomolewe isihesabiwe tena. "Kwa muda," alisema. Mwanaheri akabeba mkeka wake, akaingia kwa binti yake.

Na binti yake alikuwa na mume.

Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni, hawali wakionana. Hivyo ndivyo watu wale walivyoishi, na paa moja halikuwahi kuwaweka pamoja. Sasa liliwaweka. Halfani, mume wa Sijaona, alikohoa kabla ya kuingia kwake mwenyewe. Usiku alilala nje, barazani, mvua ikinyesha akajikunyata chini ya mchirizi. Mwanaheri alikaa ndani amejibana asubuhi nzima akingoja mkwewe aende shamba ndipo naye atoke haja. Siku moja walikutana uso kwa uso kwenye kizingiti, Halfani akageuka kwa haraka mno akajigonga kwenye mwimo wa mlango, damu ikamtoka puani. Hakuna aliyecheka. Mwanaheri hakula siku ile.

"Sitafuti mume, mwanangu," alimwambia Sijaona siku alipomfunulia habari ya Sadallah. "Natafuta mlango. Mume amekuja nao tu." Kisha akatabasamu kwa pembeni. "Lakini si mume mbaya."

* * *

Sadallah alifika jua lilipopanda, mzega begani, kibuyu mbele na kibuyu nyuma, bega moja limelowa na jingine limechubuka. Tangu ujenzi uanze alikuwa akipandisha maji ya udongo yeye mwenyewe. Wanaume wa Makote hawakuteka maji, na Halfani hakuweza kujizuia.

"Kibibi," alimwambia mtoto wake mdogo aliyekuwa akicheza vumbini, maana kwa kumheshimu mkwe aliyekuwa nyuma ya fito alikuwa ameketi akielekea mihogo, na maneno yake yote aliyapitisha kwa mtoto. "Kibibi, muulize babu huyu, akimaliza kuteka maji atatutwangia na mtama?"

"Mtama nauweza," alisema Sadallah akitua mzega taratibu. "Kusuka nywele ndiko bado."

Kutoka ndani ya chumba kisichokwisha ilisikika sauti ya Mwanaheri akicheka. Rajabu, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa, alikohoa. Kicheko kikakatika.

"Shikamoo, shemeji," alisema Sadallah.

"Marahaba. Kaa." Rajabu alimwonyesha mahali pa kukaa, chini. "Mwezi unakaribia kuandama, na neno langu halijajibiwa. Mjomba wako yuko wapi?"

"Shemeji, nilishakwambia. Sina."

"Kila mtu ana mjomba. Ama ulichipua porini kama ming'oko?"

"Nilichukuliwa na msafara nikiwa mtoto wa kubebwa. Walionichukua waliniuza, walioninunua waliniuza, mpaka wamisionari wa Masasi wakatukomboa, tukakaa huru. Namkumbuka mama mkono wake tu. Ulikuwa na bangili ya shaba. Jina lake silijui, sembuse la kaka yake."

"Bangili haiji kwenye shauri," alisema Rajabu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima nguzo na kuikuta fupi. "Sikia. Kwetu harusi ni wajomba wawili. Dada yangu akikukosea, mjomba wako anakuja kwangu. Ukimkosea wewe, nakwenda kwake. Sasa siku ukimtupa nitakwenda kwa nani?"

"Uje kwangu."

"Kwako mkosaji?"

Sadallah aliutazama mkono wake uliochubuka. "Nina nyumba bondeni, shemeji. Kodi yake nimeilipa. Maji yako mlangoni. Nilisema tangu mwanzo, magoti ya Mwanaheri..."

"Usiyataje magoti ya dada yangu."

"Yataje!" ilisema sauti kutoka ndani. "Ni yangu."

"Mwanaheri, nyamaza. Mwanamke wa kwetu hamfuati mume. Mume ndiye anayekuja." Rajabu aligeuka tena, akashusha sauti. "Nilikuwa na dada watatu. Wawili niliwafukia mwaka wa njaa, askari walipokwisha kuchoma maghala, hata nguvu ya kuchimba vizuri sikuwa nayo. Amebaki huyu. Akishuka bondeni akafa kwako, nani atapanda kuja kuniambia? Ukoo wako upi utakaomlilia?"

Halfani aliacha kucheza na mtoto.

"Masharti yangu ni yale yale," alisema Rajabu. "Utapanda, utakaa hapa. Ngoma hakuna, nyinyi si vijana. Na chumba kinakaa chini ya paa hili hili la Sijaona, tumeongeza nguzo tu. Watu wa kodi wanahesabu mapaa. Kwa Serikali ni nyumba moja. Kwa adabu zetu ni mbili, kwa sababu kiambaza cha katikati kimefika juu na hakina hata tundu la panya, na kila upande una mlango wake."

Alipoyasema hayo uso wake ulichangamka kidogo. Hilo wazo lilikuwa lake, na alikuwa amelifikiria kwa siku nyingi. Hata Halfani, ambaye hakupenda kupangiwa mambo na mjomba wa mkewe, alikuwa amelikubali, maana angerudi kulala ndani kwake.

"Nitapanda," alisema Sadallah. "Nimeshazoea kwenda ninakopelekwa. Huku angalau nimeitwa."

Alimimina maji kwenye mtungi, akafunga vibuyu vyake. Alipopita kwenye uwazi wa mlango mpya alisimama. Mwanaheri alikuwa ndani akisawazisha sakafu kwa kiganja.

"Umebaki ukuta gani?"

"Huu wa mbele tu, pembeni mwa mlango."

"Kesho nitaleta mzega mwingine. Utatosha kumalizia."

"Usibebe vyote viwili vimejaa. Utavunjika, nitaolewa na vipande."

"Kesho," alisema Sadallah, akaenda zake akiwa amepinda upande wa bega bovu.

* * *

Alasiri mbwa walibweka upande wa njia. Alikuja karani wa akida, kijana mwembamba mwenye kanzu iliyochafuka pindoni, na nyuma yake askari mmoja aliyekuwa akitafuna muhogo mbichi wa mtu. Karani alishika kipande cha mkaa. Kwenye kila nyumba aliyoipita aliacha mstari mweusi juu ya mwimo wa mlango.

Rajabu aliinuka upesi, akamkaribishia kigoda. Karani hakuketi.

"Nyumba hii ya nani?"

"Ya mpwa wangu, bwana. Na mumewe yule."

Karani alichora mstari kwenye mwimo wa Sijaona. Kisha akatembea kando ya ukuta hadi kwenye mlango wa pili, ambao udongo wake ulikuwa bado mbichi.

"Na hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo, bwana. Tazama paa. Ni moja."

Karani alilitazama paa. Alizunguka nyumba nzima, akarudi akiwa anapangusa jasho. "Mzee, mwaka jana nilihesabu mapaa. Mwaka huu nimefika kijiji kimoja nikakuta paa refu kama chatu, chini yake milango saba, watu wamejipanga wananisalimia. Nikaandika moja. Bwana mkubwa bomani aliniuliza mimi ni kipofu au ni mwizi, na aliponiuliza alikuwa ameshika kiboko. Sasa nahesabu milango."

Rajabu alilitazama tena paa lile.

"Bwana, ni chumba cha bibi tu," alisema Sijaona. Udongo ulikuwa umemkauka hadi kwenye viwiko. "Ni mama yangu."

"Bibi analala peke yake, anataka mlango wa nini?"

Halfani alitazama mihogo yake.

"Anaolewa," alisema Rajabu.

Askari aliacha kutafuna. "Nani? Huyu?" Alimsogelea Mwanaheri, akamwinamia kama mtu anayechungulia kisima. "Haya, bibi harusi, cheka tukuone. Meno yamebaki mangapi?"

"Ya kula muhogo wangu mwenyewe yangalipo," alisema Mwanaheri, "kama ungeuacha shambani."

Karani alijifanya kukohoa. Askari alimtazama yule mama, akatazama kile kipande cha muhogo, kisha akaipiga teke kata iliyokuwa ukingoni mwa mtungi. Kata ikaruka, ikapasuka. Mtungi ukayumba, Sijaona akaurukia kwa mikono miwili, akaukumbatia hadi ulipotulia. Aliendelea kuukumbatia hata baada ya hapo.

Karani aliinua mkaa wake kwenye mwimo wa mlango mpya. Mkono ukakaa hewani. Hakuwa na sura ya mtu mbaya. Alikuwa na sura ya mtu ambaye miguu inamuuma na njia bado ni ndefu.

"Naenda Newala," alisema. "Kesho jioni nitapita njia hii hii. Nikikuta mlango mmoja, ni nyumba moja. Nikikuta miwili, ni mbili, na asiye na kodi nitaondoka naye." Akamtazama Halfani kuanzia kichwani hadi miguuni, kama mtu anayekisia uzito wa mzigo. Akashusha mkono bila kuchora, akaenda zake. Askari alimfuata akitema maganda.

* * *

"Tuuzibe mlango wa mkwe," alisema Halfani. Alimwambia Kibibi, lakini kwa sauti ya kila mtu. "Mwambie babu Rajabu, nilisema tangu mwanzo."

"Hukusema kitu," alisema Rajabu.

"Basi nasema sasa. Uzibwe huo."

"Na mama apite wapi?" aliuliza Sijaona. "Tukiziba huo, lazima tutoboe kiambaza cha katikati apitie kwetu. Mtarudi kule kule kwenye mlango mmoja."

"Uzibwe wangu basi, nipite kwa mkwe wangu? Mbele ya kitanda chake?" Halfani alisimama. Kwa mara ya kwanza hakumtumia mtoto. "Mama Kibibi, mimi nimelala nje misimu miwili. Mbwa wa kijiji hiki wananijua kuliko wewe. Nimevumilia kwa kuwa chumba kinajengwa. Kisipokuwapo, mama yangu yuko Chiungutwa, na kwake kuna sehemu ya kulala. Nikiondoka sitaondoka na chuki. Lakini nitaondoka."

Akaenda akakaa mbali, kwenye kinu kilichoanguka.

Rajabu aliuelekeza uso wake chini. Alikuwa akichora kwa kidole mavumbini, paa moja, milango miwili, akafuta, akachora tena, kama kwamba hesabu ingekubali akibadilisha mpangilio.

"Tutauziba wa Mwanaheri," alisema mwishowe. "Kwa muda. Wakimaliza kuhesabu tutaubomoa."

"Wakimaliza lini?" aliuliza Mwanaheri. Alikuwa amesimama kwenye uwazi ule ule, mkono mmoja kila mwimo.

"Wakimaliza."

"Hata nyumba yangu mliibomoa kwa muda, kaka. Hata Fikirini alikwenda kwa muda. Na harusi?"

"Itangoja."

"Sadallah ni mzee, Rajabu. Mimi pia. Tunangojaje, tukae kama viazi ghalani?"

"Unataka nifanye nini? Wamchukue Halfani kama walivyomchukua mwanao? Niambie, nitafanya." Sauti yake ilipasuka kidogo. Akajikusanya. "Niambie."

Hapo Sijaona alisema. Alisema akiwa bado ameushika mtungi. "Aende bondeni, mjomba. Mwachie aende. Kule ana nyumba, kodi imelipwa, mlango upo."

Rajabu alimtazama mpwa wake kwa muda mrefu. Hakumkemea, na Sijaona angependa amkemee.

"Sawa," alisema. "Akishuka, kesho kutwa wewe unateka maji. Watoto unamwachia nani? Ukirudi umechoka, nani amepika? Halfani ataona huna mtu, atakuchukua Chiungutwa kwa mama yake, na hatakuwa na kosa. Watoto wako watakua kwa watu. Hapa nitabaki mimi na makaburi mawili. Fikirini akirudi kutoka Lindi atakuta nini? Nyasi." Kisha akauliza kwa upole, "Hilo ndilo unalotaka? Sema tena, kama ndilo. Ukisema tena, namwachia."

Mwanaheri aligeuza uso, akamtazama binti yake.

Lilikuwa neno moja tu. Sijaona alilijua, lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona Kibibi vumbini, na aliiona njia ya mawe kungali giza, na nyumba isiyo na mtu ndani anaporudi. Aliona pia jambo alilolionea aibu kuliko yote, kwamba tangu asubuhi, alipokuwa akimcheka na kumkandikia, sehemu ya moyo wake ilikuwa ikifurahi kwa kuwa mama yake haendi mbali. Alifungua mdomo. Akaona mama yake anangoja.

Akaufunga.

Mwanaheri alingoja kidogo zaidi, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupumua. Kisha akatikisa kichwa taratibu, si kwa hasira.

"Leteni fito," alisema. "Jua linakwenda."

* * *

Rajabu alizileta fito yeye mwenyewe, zile zilizobaki kwenye ujenzi. Alizipanga kwa kulala katika uwazi wa mlango, akazifunga kwa kamba za miti, fundo baada ya fundo, mgongo umeinama. Aliiokota ile kata iliyopasuka, akaigeuza geuza kuona kama inashoneka, akaenda nayo kwake.

"Toka basi, mama," alisema Sijaona. "Ukikaa ndani utatokea wapi?"

"Kiambaza mtanitobolea kesho. Kuna mtu anatakiwa kukandika upande wa ndani. Udongo wa upande mmoja hausimami, hujui?" Mwanaheri alipenyeza mkono kati ya fito. "Leta."

Sijaona aliukanyaga udongo upya. Akabeba tonge, akampa mama yake la kwanza kupitia uwazi, lake akalibandika nje. Walianzia chini. Kila Sijaona alipogandamiza, aliusikia mkono wa mama yake ukigandamiza upande wa pili, mahali pale pale, udongo ukakutana katikati ya fito na kushikana. Mwanaheri alikuwa mkandikaji hodari. Ndiye aliyemfundisha.

"Siku ile ya pili," alisema Mwanaheri kutoka ndani, "alinitwika mtungi haujajaa. Nikamwambia, mbona umeniibia? Akasema, nimekupunguzia ili urudi mapema."

"Nani?"

"Nani tena?"

Sijaona alibandika tonge. "Ukarudi?"

"Nilirudi kesho yake na mitungi miwili. Mpumbavu mimi." Kicheko kidogo kikapita kati ya fito. Kisha kikaisha, na mikono ikaendelea.

Udongo ulipanda hadi magotini, ukapanda hadi mapajani. Kule nje Halfani aliinuka kutoka kwenye kinu. Alifika karibu, akaona kinachofanyika, akasimama ameelekea pembeni. "Kibibi," alisema polepole, "mwambie bibi yako... mwambie anisamehe." Mtoto alikuwa amelala zamani juu ya kitenge, lakini kutoka ndani sauti ilijibu, "Mwambie baba yako nimesikia." Halfani akachukua mkeka wake wa barazani, akautandika pale pale ulipokuwa siku zote.

Udongo ulifika kiunoni. Juu yake fito zilibaki wazi, na kati ya fito mwanga wa jua la mwisho ulimwangukia Mwanaheri kifuani, mistari mistari. Uso wake haukuonekana vizuri. Sijaona aliinama kuchota maji kwa kiganja, kwa kuwa kata haikuwapo tena. Ndani ya mtungi yalikuwapo bado. Ya kunywa, na zaidi kidogo. Yangetosha kuufikisha udongo kifuani, labda mabegani.

Aliuchovya mkono, akausikia ubaridi, akautoa.

"Maji yameisha, mama," alisema.

Kutoka pale alipokuwa, Mwanaheri angeweza kusikia mtungi mtupu unavyolia ukiguswa, na huu haukuwa umelia.

"Yameisha?"

"Yameisha."

"Basi kesho," alisema Mwanaheri. "Sadallah anapandisha mzega asubuhi. Alisema utatosha kumalizia."

Sijaona alikata majani ya mbaazi, akalifunika lundo la udongo lisikauke usiku, akaweka mawe pembezoni upepo usiyapeperushe. Ndani, alimsikia mama yake akitandika mkeka kwenye sakafu aliyoisawazisha kwa mkono wake.